Mume wa Kampeni

Jumamosi ile sokoni hapakuwa na pa kuweka mguu. Jua la Mei lilikuwa limeshaanza kuukaanga mji wa Memphis, na kila mwenye kikapu alikuwa amekuja kutafuta stroberi, mboga za majani na kivuli. Lavinia Tolliver alipanda juu ya kreti lililopinduliwa, akashika kipaza sauti, akafungua kinywa ili aombe kura.

Hapo hapo bendi ikalipuka nyuma yake. Matarumbeta, ngoma, na tromboni moja yenye sauti kama ya fahali.

Lavinia aligeuka. Alikuwa amevaa suti ya suruali ya rangi ya krimu na blauzi ya samawati, nywele amezibana nyuma mpaka ngozi ya paji imevutika. Mwenye tromboni alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na mikanda miekundu ya suruali mabegani.

"Kaka! Samahani, kaka!"

Yule mtu akashusha tromboni. "Naam, dada."

"Nimepewa ruhusa kuongea hapa saa nne."

"Na mimi nimepewa ruhusa kupiga hapa saa nne."

"Nani kakupa?"

"Yule mama wa mayai. Wewe je?"

Lavinia akasita. "Yule yule mama wa mayai."

Wakamtazama kwa pamoja. Mama wa mayai akajifanya anapanga trei.

"Unagombea nini?" aliuliza yule mtu, akijipangusa jasho kwa leso.

"Udiwani."

"Ukiupata utafanya nini?"

"Nitarudisha muziki mashuleni."

"Hiyo umeitunga sasa hivi."

"Nimeitunga sasa hivi," Lavinia alikiri, na wote wawili wakacheka. "Ila naipenda. Naweza kuiweka kwenye kampeni?"

"Weka. Mimi ndiye mwalimu waliyemfukuza walipoufuta muziki wenyewe. Naitwa Alton Broadnax."

Alinyoosha mkono, lakini haukufika. Uso wake ulibadilika rangi, akaketi kwenye kreti, akayakumbatia magoti yake kama mtu aliyepigwa. Tromboni ikaanguka kwenye nyasi. Lavinia alitoa simu.

"Usiite gari la wagonjwa," Alton alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Unakufa mbele ya wapiga kura wangu!"

"Sifi. Ni sikoseli, nimezaliwa nayo. Sina bima. Bima iliondoka na kazi. Ukiniitia gari, bili yake nitailipa mpaka wajukuu."

"Basi inuka, nishike begani. Gari langu liko pale, halina bili."

Kiatu kimoja cha Lavinia kilizama kisigino kwenye udongo kikabaki huko huko. Alimpeleka hospitali akiwa anachechemea mguu mmoja peku, akakaa naye mpaka maumivu yakapoa. Jioni Alton alipiga simu.

"Mheshimiwa, nina kiatu chako."

"Sijawa mheshimiwa bado."

"Kiatu kimeshakuwa. Mama wa mayai anakiheshimu sana."

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

Tatizo lilikuwa la zamani kuliko kampeni. Kwa miaka mingi Lavinia alikuwa katibu wa diwani aliyestaafu, mume wa mtu. Hapakuwa na lolote kati yao zaidi ya mafaili na kahawa, lakini alikuwa anabaki ofisini naye mpaka jioni, na hakuwa na mume, na Memphis ina saluni nyingi. Mpinzani wake hakusema kitu hadharani. Alichofanya ni kupigwa picha za mabango akiwa na mkewe na watoto watano, na chini yake maneno: "Nyumba safi."

Shangazi Ernestine, dada wa marehemu baba yake na meneja wa kampeni, aliweka kura za maoni mezani karibu na sahani ya mkate wa mahindi.

"Tunazama, mwanangu. Wanawake wa makanisani ndio wanaotuzamisha. Hawasemi neno, hawaulizi ushahidi. Wanakutazama tu kidoleni."

"Sasa nifanye nini, Shangazi? Niokote mume sokoni?"

Shangazi alikunywa chai yake ya barafu, akamtazama juu ya miwani. "Mbona kama ulishamwokota?"

Lavinia alisema hapana. Alisema hapana wiki nzima. Kisha Alton akalazwa tena, na daktari akampa dawa mpya ambayo ingepunguza sana maumivu, na Alton akaikunja karatasi ya dawa akaitia mfukoni kwa sababu hakuwa na namna ya kuinunua. Lavinia alimwona akiikunja. Kesho yake alikwenda kwake, jikoni, Alton akikaanga kambare.

"Kazini kwangu," alisema akiwa bado amesimama, "bima yangu inamchukua na mume."

Alton hakugeuka. Samaki alilia kwenye mafuta.

"Na mimi," Lavinia aliendelea, "nahitaji kuolewa kabla ya uchaguzi wa Oktoba. Mwaka mmoja. Vyumba viwili. Halafu tunaachana taratibu, bila kelele."

"Unanichumbia, Lavinia?"

"Usinicheke."

"Sicheki." Aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na Lavinia akadhani ni moshi. "Mama yangu alikuwa akiniombea nipate mke mwema. Sijui kama alimwelekeza Mungu vizuri."

"Ukikataa nitaelewa."

"Tatizo ndilo hilo. Sina uwezo wa kukataa." Alizima jiko. Kusema vile kulimuuma kuliko mifupa yake, na alijua ataikumbuka sentensi hiyo kila atakapoiona kadi ya bima.

Mchungaji Lucius Gaines, aliyembatiza Lavinia alipokuwa msichana wa miaka tisa, aliwafungisha ndoa Juni. Kanisa la Baptisti lilijaa mpaka ngazini. Lavinia alivaa gauni la hariri lisilo na mapambo, shela fupi, mikono imefunikwa hadi viwikoni. Alton alikuwa katika suti ya kijivu aliyoazima kwa kaka yake. Mchungaji alipofika kwenye kiapo, kwa raha na kwa shida, kwa afya na kwa ugonjwa, alilia waziwazi. Akatoa leso, akaomba radhi.

"Nimesubiri siku hii," aliwaambia waumini. "Huyu ni binti yangu."

Watu wakaitika amina. Lavinia aliapa akitazama tai ya Alton, maana machoni hakuweza, na akaomba moyoni kwamba kama Mungu anasikiliza, asisikilize sasa.

Kilichomvunja zaidi kilikuja baadaye, kwenye ukumbi wa chini. Akina mama wa kanisa walileta zawadi. Mama Eula Mae, mzee kuliko wote, alikunjua blanketi la viraka walilolishona kwa mikono: bluu, nyeupe na dhahabu.

"Mraba huu wa katikati ni wangu," alisema. "Mlilalie mpaka lichakae."

"Ahsante, Mama," Lavinia alisema. Nyumbani alilikunja vizuri, akaliweka juu kabisa ya kabati, akafunga mlango wa kabati.

Waliishi kama wapangaji wenye adabu. Alton aligonga mlango hata wa jikoni. Alianza dawa, akanenepa mashavu, akaanza kuimba asubuhi.

"Unaimba nje ya sauti," Lavinia alimwambia siku moja, akifunga vifungo vya koti mbele ya kioo cha sebuleni.

"Mimi? Mimi mwalimu wa muziki? Wewe Jumapili ulimwimbia Mungu wimbo ambao hajawahi kuutunga."

"Nilikuwa nafuata kwaya."

"Kwaya ilikuwa inakukimbia, mpenzi."

Neno lilimtoka. Wote wawili walisimama. Mbele ya watu waliitana mpenzi kutwa nzima. Ndani ya nyumba ilikuwa mara ya kwanza.

"Hakuna mpiga kura humu," Lavinia alisema polepole.

"Najua," Alton alisema, akaenda kutafuta funguo ambazo alikuwa amezishika mkononi.

Katika kampeni alikuwa baraka tupu. Alipiga tromboni kwenye mikutano, akapika kambare kwenye harambee za makanisa, akabeba mikoba ya wazee. Wanawake waliokuwa wakimtazama Lavinia kidoleni sasa walimkumbatia. "Umepata mume, dada," walimwambia. "Mungu hachelewi." Na kila kumbatio lilimchoma. Usiku aliomba sala fupi sana, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Oktoba alishinda. Ukumbini watu walirukaruka, Shangazi Ernestine akavua kofia yake ya manyoya akairusha. Alton alimkumbatia mbele ya kamera, na kamera zilipoondoka hakumwachia mara moja.

"Hongera, Mheshimiwa," alimnong'oneza.

"Hongera kwetu."

"Nina jambo nataka kukuambia. Si leo. Siku ya Shukrani, mwezi ujao, bata mzinga akishaliwa na watu wakiisha kwenda."

Lavinia alilala na furaha aliyoogopa kuigusa.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Gaines aliwashika mikono mlangoni. "Kanisa linafanya chakula cha wanandoa Novemba. Nataka ninyi wawili mzungumze. Vijana wetu wanaogopa kuoa. Waambieni Mungu aliwaunganisha vipi."

Alton alifungua kinywa kukataa. Lavinia akawahi: "Tutafurahi, Mchungaji."

Ndani ya gari, kwenye taa za tatu, Alton alimgeukia. "Utawaambia nini wale watoto?"

"Nitatunga kitu."

"Kama ulivyotunga sokoni."

"Ningemwambia Mchungaji nini? Angenitazama usoni, Alton!"

Alton aligeukia dirishani.

Wiki mbili kabla ya Siku ya Shukrani, simu ya Lavinia ililia akiwa ofisini. Alikuwa dada wa bima, mchangamfu kama mtangazaji wa redio.

"Bi Tolliver-Broadnax? Nathibitisha tu. Mumeo ameomba tumtoe kwenye bima yako, ana bima yake ya kazini tangu mwezi uliopita. Imekamilika. Uwe na siku njema!"

Lavinia alibaki ameishika simu. Kazini? Kazi gani? Jambo nataka kukuambia, alisema. Si leo. Kumbe ndilo hilo. Amepata chake, sasa anatafuta siku ya kuaga, na amechagua sikukuu ili awe mstaarabu.

Alimkuta Alton sebuleni akipangusa tromboni.

"Umepata kazi."

Uso wake ulichangamka, kisha ukatahadhari. "Nani kakwambia? Shule ya kusini mwa mji. Walinichukua kwa majaribio, nilitaka iwe ya hakika kwanza. Nilitaka nikuambie mwenyewe..."

"Siku ya Shukrani. Ili uniage huku nakata bata mzinga."

"Nikuage niende wapi?"

"Umejitoa kwenye bima yangu, Alton. Kimya kimya. Ulichokijia umeshakipata."

Neno lile lilimpiga palepale alipokuwa na kidonda. Alisimama. "Na wewe ulichokijia? Umeshashinda. Hivi unafikiri sioni? Kila nikimeza kidonge naiona sura yako unaponilipia. Miezi mitano nimekula dawa za aibu."

"Sikukulazimisha."

"Hukunilazimisha. Ndiyo maana sina wa kumlaumu."

Alisubiri, kama anampa nafasi. Kama Lavinia angesema neno moja tu, baki, angeitupa tromboni sakafuni. Lakini Lavinia alikuwa anajitahidi kutolia mbele yake, na kwa uso ule mgumu alisema: "Basi uko huru."

Alton aliondoka na sanduku moja na tromboni. Mlangoni aligonga kidogo kwa kidole, kwa mazoea, kisha akatoka.

Shangazi Ernestine alipoambiwa alipiga makofi mara moja. "Mapema kidogo, lakini baadaye tutasema yuko masomoni. Kwenye chakula cha wanandoa nenda peke yako, sema anaumwa. Watakuonea huruma. Huruma ni kura."

Lavinia alimtazama shangazi yake aliyemlea, aliyempenda kwa dhati, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi wao wawili wanavyofanana kuongea. Alichukua mkoba akaenda kwa mchungaji.

Alimweleza yote akiwa amesimama, kama mtoto ofisini kwa mwalimu. Mchungaji Gaines alisikiliza hadi mwisho. Alivua miwani. Lavinia alitegemea atamwekea mkono kichwani, aombe, aseme yamekwisha.

"Siku ile nililia," mzee alisema. "Unakumbuka? Mbele ya watu wote, mtu mzima na leso. Nililia bure, Lavinia?"

"Nisamehe, Mchungaji."

"Nitakusamehe. Lakini leo nimeumia, na sitajifanya sijaumia." Alivaa miwani tena. "Uliapa mbele ya kanisa. Kanisa nalo lina haki ya kusikia. Anza na akina mama walioshona. Na uende wewe, usinitume mimi."

Mama Eula Mae alimfungulia akiwa na aproni, nyumba inanukia viazi vitamu. Aliposikia, hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Vidole vyangu hivi," alisema, akiviinua, vimepinda kwa baridi yabisi. "Ule mraba niliushona huku nikiwaombea mpate watoto. Nenda ukaniletee blanketi langu."

Lavinia aliendesha mpaka nyumbani na kurudi akilia waziwazi kwenye taa nyekundu, watu wa magari ya pembeni wakimtazama. Mama Eula Mae alilipokea blanketi, akapitisha kiganja juu yake. Mikunjo ilikuwa ile ile ya siku ya harusi.

"Hamkulilalia hata mara moja?"

"Tuliona aibu, Mama."

Yule mzee akafunga mlango taratibu.

Jumatano, kwenye ibada ya maombi, Lavinia alisimama mbele na kusema tena. Alisema la kwake tu. La Alton hakuligusa, alisema tu kwamba alimtumia mtu mwema alipokuwa hana pa kushika. Wengine waliinamisha vichwa, mmoja alitoka nje. Asubuhi redio zikalipata. Watu walipiga simu studio wakicheka. Mmoja akauliza kama mume wa kampeni anakodishwa kwa saa au kwa siku. Shangazi alimpigia akifoka, "Nani alikuuliza? Nani?" Lavinia akajibu, "Hakuna, Shangazi. Ndiyo maana nilikawia."

Ijumaa alasiri alikwenda shule ya kusini mwa mji. Uwanjani bendi ilikuwa ikifanya mazoezi ya maandamano, na Alton yuko juu ya ngazi ya mbao, koti la mvua la bluu, anapunga mikono. Alimwona. Mikono ikaendelea kupunga, lakini tarumbeta zikapotea njia moja baada ya nyingine.

"Pumzikeni!" alipiga kelele, akashuka.

Walisimama kando ya mstari wa chokaa. Upepo wa Novemba ulikuwa mkali na Lavinia hakuwa na kofia.

"Nimesikia redio," Alton alisema. "Hukunitaja."

"La kwako si langu kulisema."

"Watakuangusha uchaguzi ujao."

"Huenda. Sikuja kwa ajili hiyo." Alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, yote yakayeyuka. "Alton, ulitaka kuniambia nini Siku ya Shukrani?"

Alitazama viatu vyake vyenye matope. "Nilitaka kukuchumbia."

"Nini?"

"Nilijitoa kwenye ile bima ili nije kwako nikiwa sina shida na wewe. Mwanaume mwenye kazi yake na dawa zake. Nikuulize kama unanitaka, nisije nikawa namwomba mfadhili." Alicheka kidogo, kwa uchungu. "Nilikuwa nimeshanunua na shati."

Lavinia alijifunika uso kwa viganja. Aibu ilimpanda moto kutoka shingoni hadi masikioni, aibu ya jinsi alivyomsoma vibaya mtu aliyekuwa akigonga hata mlango wa jikoni.

"Na mimi nikakufukuza."

"Nami nikafukuzika. Ningeweza kukaa nikauliza. Niliona haya."

"Alton." Alishusha mikono ili amwone jinsi alivyo, macho mekundu, pua inachuruzika. "Uchaguzi umekwisha. Hakuna picha ninayotaka kupigwa na wewe. Ukirudi, nitachekwa zaidi. Watasema tumepatana kwa ajili ya magazeti. Sina faida hata moja ninayoweza kuifikiria. Nakuomba urudi nyumbani."

"Mimi pia sina shida na wewe hata moja," Alton alisema. "Nimetafuta, sikuipata. Na silali, Vinnie."

Hakuwahi kumwita hivyo. Alitoa leso akamfuta mashavu, polepole, kama anayepangusa chombo cha thamani. Nyuma yao mpiga ngoma mmoja akagonga ngoma kwa mbwembwe, na bendi nzima ikaangua kicheko.

"Kila mtu mizunguko miwili ya uwanja!" Alton alifoka bila kugeuka. Kisha akamwambia Lavinia, "Jumapili na mimi nitasema la kwangu."

Jumapili alisema. Alisimama mbele na lile shati jipya, jeupe, mistari myembamba ya zambarau, akasema kwamba aliapa akiwa na afya yake tu moyoni, na kwamba mwanamke yule hakumdanganya hata siku moja, walidanganya pamoja. Hapakuwa na amina nyingi.

Baada ya ibada walimfuata Mchungaji Gaines ofisini kwake.

"Tunaomba utufungishe upya," Alton alisema. "Safari hii kwa kweli."

Mzee aliwatazama mmoja kisha mwingine. "Sifungishi."

Lavinia aliinamisha kichwa. Alijua anastahili.

"Nilishafungisha," Mchungaji alisema. "Ninyi ndio mliokuwa mnadanganya, siyo kiapo. Mimi nilimaanisha kila neno, na aliye juu alinisikia. Mnadaiwa, basi. Nendeni nyumbani mkaanze kulipa." Akanyoosha leso yake, akapenga kamasi. "Na ile hotuba yenu ya wanandoa nimeihamishia Februari. Sasa mna cha kusema."

Walitoka kwa mlango wa mbele, kwa kuwa wa pembeni ulikuwa umefungwa. Ngazini watu walikuwa bado wamejaa, wamevaa makoti, wanaulizana nani anakula kwa nani. Mazungumzo yalipungua. Baadhi walitoa mikono, wengine wakakumbuka ghafla funguo za magari yao. Alton alimshika Lavinia mkono, akampitisha taratibu katikati yao, na Lavinia alimsalimia kila mmoja kwa jina, uso ukiwaka, akitazama macho.

"Tukale wapi?" Alton aliuliza walipofika chini.

"Nyumbani," Lavinia alisema. "Ila kambare unakaanga wewe."